Tukikutana Sokoni, Hatujuani

Jumanne, 3/6/2025

Leo nimezunguka soko lote la Butembo bila salamu hata moja. Wanawake wangu walikuwepo, wengi tu, na kila mmoja aligeukia nyanya zake. Vizuri. Ndiyo sheria, na niliitunga mwenyewe nilipoanza kazi hii ya relais, mhudumu wa afya wa mtaa: tukikutana sokoni, hatujuani. Mume asije akauliza, huyo mama wa sindano za kuzuia mimba unamjua wapi? Kwangu wanapita nyuma, upande wa choo, sahani mkononi, eti wanaazima chumvi. Majirani watadhani nina kiwanda cha chumvi! Fishi zao, kadi za sindano, nazificha kwenye ndoo ya maharage. Siri zao zote ninazo, na nikiugua hakuna wa kunipa pole.

Jumamosi, 7/6

Binti yangu Rébecca amepiga simu kutoka Kasindi. Haji Pentekoste — malori yamejaa mpakani, bosi amekataa. Nikasema haidhuru. Uongo. Nilikuwa nimeshaloweka maharage ya watu wawili.

Nikatoka kununua makaa, nikamwona Eliane, mmoja wa wanawake wangu wa sindano. Nikamwita. Kwa jina! Kwa sauti! Nikauliza hata kama mtoto ameota jino. Jokébed, mjinga wewe! Siku nne sikuwa nimeongea na mtu, ndiyo maana. Nyuma yake alikuwa mumewe, Sadrack, na gunia la viazi begani.

"Huyu mama munajuanaka wapi?"

"Miye hapana mujua. Amenifananisha tu."

Mtu anayekufananisha hajui habari za jino la mtoto wako. Sadrack si mpumbavu.

Jumapili, 8/6

Sikuimba kanisani. Uzazi wa mwisho Eliane alitokwa na damu nusura afe. Daktari alimwambia mimba nyingine itamuua. Hakumweleza Sadrack — wana wasichana watano, anaogopa mumewe ataleta mke mwingine wa kumzalia mvulana. Ni sindano yangu tu inayomkinga, kila miezi mitatu. Na mimi nimemsaliti kwa ajili ya salamu.

Alhamisi, 12/6

Siku yake ya sindano. Nimekaa tangu asubuhi, maji ya kunawa tayari. Wawili wengine wamekuja na sahani zao. Eliane hapana. Infirmier, muuguzi wetu, alitufundisha kwamba aliyechelewa bado ana wiki nne za kuipata. Najua. Hainisaidii.

Ijumaa, 13/6

Nimepita mbele ya kwao mara mbili. Nguo za watoto zimeanikwa, za mama hata moja hakuna. Sikuthubutu kupiga hodi.

Jumatatu, 16/6

Sadrack amekuja. Mlango wa mbele! Nikajiandaa kutukanwa. Akakaa kwenye benchi, kofia mikononi, akaizungushazungusha mpaka nikamhurumia.

"Mama, bibi yangu iko na ugonjwa gani? Nikimugusa anaogopa. Nikamuuliza juu yako, akalia siku tatu. Ni weye njo unajua. Uniambie tu — atakufa?"

Kumbe anaogopa kuliko mimi! Ndoo ya maharage ilikuwa karibu na goti lake. Neno moja tu, angekwenda ametulia, au angekwenda kumpiga. Sijui. Sadrack namjua kwa gunia lake begani tu, basi. Nikamwambia siyo mimi wa kusema.

"Mumulete hapa. Aseme ye mwenyewe, na miye nitakuwa pembeni yake."

"Mais, na akikataa kuja?"

"Basi hapana mumulazimisha."

Ameondoka mbio, kofia ameisahau kwenye benchi.

Naandika nikimsubiri Eliane. Nimetoa fishi ya Eliane, nimeirudisha, nimeitoa tena. Sindano iko tayari mezani. Kama nimekosea leo, nimemsaliti mara ya pili.

Kuna miguu nje. Siyo upande wa choo. Mbele, barabarani, na sauti ya mwanamke mtaa mzima unasikia:

"Mama Jokébed! Hodi! Mama Jokébed!"

Ni Eliane. Ananiita kwa jina, kwa sauti, kama mimi nilivyomwita, sijui ni hasira au ni nini. Naenda kufungua.