Mizani ya Ndalu na Gunia la Sufuri

Edinah, nimechoka. Sitaki kuona gunia tena.

Si unajua ile programu yangu ya mizani ya mahindi? Inaita fankshen ya kusoma uzito, kipande cha programu cha kampuni iliyotengeneza mizani, kilichoandikwa kwa lugha nyingine. Niliijaribu ndani ya sharti la if, ndani ya marudio ya loop, kila mahali. Yote sawa.

Leo kwenye kituo cha mahindi cha Ndalu, mkulima Mama Mukhisa akaweka gunia. Mizani ikalia kuonyesha imehisi mzigo, wabebaji wakadhani imemaliza, wakalishusha. Skrini ikaandika sufuri.

SUFURI!

"Ati nimelima mwaka mzima nikavuna hewa?" Mama akauliza. Foleni ikacheka, kisha ikaanza kuondoka. Ati mizani inaiba. Meneja Wakoli akaniuliza, "Madam, si ulisema umejaribu?"

Nilijaribu, bana. Kwa jiwe! Jiwe nani atalishusha? Programu inaita ile fankshen mara mbili: kwanza ione kama kuna mzigo, halafu isome kilo. Kufika ya pili, gunia limeshaenda.

Wakoli amesema nisiporekebisha kufikia kesho, kazi imeisha. Nimebeba mizani mpaka nyumbani Kitale. Sasa gunia ni mimi. Napanda, inalia, naruka chini, mtoto wangu Ciru anasoma skrini.

"Mami, bado wewe ni sufuri."