Kwa Baba Abdulwahab, Uliyetunza Treni ya Mwenyewe

Mwaka mzima umepita, baba yetu, tangu ututoke hapa Msambweni, na leo tunakuandikia.

Uliendesha treni ya miwa ya Ramisi mpaka kiwanda kikafungwa. Ulikuwa ukiisimamisha mbuzi wa watu wapite, unagombezwa, na kesho yake unaisimamisha tena. Hukuwa na moyo wa kumuudhi mtu, hata mwenye mbuzi.

Nyumbani ukawa na treni ya kuchezea mezani, na vikorokoro vyake vilikuwa seti mbili zinazofanana: stesheni ya bati, vijitu vinavyongoja safari, mlingoti wa ishara wenye taa nyekundu. Seti ya zamani ni ya rafiki yako Garama, aliyekuachia amana alipohamia Kinango. Hukuthubutu kuichezea. Ulimwagiza mwanao Sharif akununulie hii inayotengenezwa upya siku hizi, ukacheza na hiyo. Sisi tukinyoosha mkono tu kwenye ile ya zamani, unaruka: "We! Hicho cha mwenyewe!"

Ulipenda kutulinganishia. Ya zamani ni nzito, rangi yake ilipakwa kwa mkono, na masharubu ya mkuu wa stesheni yamekwenda upande. Ya sasa ni nyepesi, masharubu yamenyooka, lakini hewa ya chumvi imeitia kutu upesi. Tuliitikia "naam, baba" huku macho yetu yakiwa kwenye simu. Laiti tungesikiliza.

Mama alipotoka eda alifanya usafi. Akaona kutu, akasugua kila kitu, akapaka mafuta ya nazi na kuvitia vyote kapu moja. Vinang'aa vyote sasa.

Juzi Garama akapiga simu. "Hamjambo wanangu? Ijumaa nitakuja kwenye hitima ya ndugu yangu, inshallah. Nitachukua na vile vitu vyangu, mjukuu ananisumbua."

"Karibu sana, baba," tukamjibu.

Wakuu wa stesheni tumewatambua kwa masharubu. Stesheni tumezipima kwa mizani ya dukani kwa Esha. Vijitu tumevitazama rangi mpaka macho yakauma. Milingoti ndiyo imetushinda: mizani haioni tofauti, na rangi imetoka kwa kusuguliwa. Sharif anasema huu, nduguye Twaiba anasema ule, kisha wanabadilishana. Tunaogopa, baba. Uliiweka amana ya mtu miaka yote hiyo, sisi tuje tuiharibu?

Mama hali akashiba. "Mimi nilidhani ninamfanyia hisani," anasema. "Mume wangu asije akazuiliwa huko aliko kwa amana ya kijitaa."

Hafsa, mjukuu wako, anautaka mlingoti wako. Ndicho kitu ulichomruhusu kushika, mkiinua ishara na kuishusha pamoja. Tumemkalisha, tukamweleza. Amelia, kisha akauliza kama babu atakasirika. Tumemwambia hapana, lakini na sisi hatujui.

Ijumaa tutampa Garama milingoti yote miwili. Wako ukienda, tutalia. Wake ukibaki, wewe hutapumzika. Bora sisi tulie.

Wanaokukumbuka na kukuombea: mkeo Mwanasha, wanao Sharif na Twaiba, mjukuu wako Hafsa, na jamaa wote wa Munje na Tiwi.

Mola akurehemu, baba. Hatutakusahau maisha yetu yote.