Wameniambia Kizuizi Kimeondoka

Gesima

Bi Mkubwa wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili ili mama mkwe wetu asinielewe hata nikisoma kwa sauti. Hii ndiyo lugha yetu ya jikoni, wewe uliyeipata shule ya misheni na mimi niliyekua nayo kwenye laini za nyumba za wachuma chai kule Kericho. Tulikuwa tukinong'ona juu ya chungu, yeye akidhani tunasali. Tangu kifua kikuchukue, sina wa kunong'ona naye. Ekegusii, lugha ya hapa, nakiongea sawasawa siku hizi, lakini nikikosea neno hakuna anayecheka, na kicheko chako nakitafuta kila kona ya boma hili.

Chai imechipua vizuri baada ya mvua. Nyaboke wako amejifungua mtoto wa kike, na bila shaka wamempa jina lako, Kerubo. Analia kwa hasira kama wewe ukikosa usingizi. Moraa, binti yako mwingine, bado hajaweza kuingia nyumbani kwako. Anafika mlangoni, anashika mwimo, halafu anageuka na kuja kulala kwangu. Mume wetu anakaa tu pale nje, chai yake inapoa.

Habari kubwa ni kwamba nimekuwa mtu. Ndiyo, mimi. Wanawake wa kanisa wamenijia, wale wale. Yule mke wa fundi cherehani, aliyekuwa akinisalimia kwa kidevu, sasa ananishika kwa mikono miwili. Ameniletea chinsaga, ile mboga ya mgagani, aliyoipika kwa maziwa, akaniita dada. Chinsaga ilikuwa tamu, siwezi kukudanganya, nikaila yote nikiwa nimekasirika.

Unakumbuka tulivyoishi. Niliolewa hapa bendera ya Uhuru ikiwa bado mpya, mke wa pili, kwa sababu wewe ulizaa mabinti na mama mkwe alitaka mjukuu wa kiume. Nikamzaa Ombati. Basi nyumbani nikawa juu. Kigoda napewa mimi, wewe unaachiwa sakafu. Jumamosi, siku ya Sabato, tukivuka mto kwenda kanisani mambo yanageuka. Wewe ndiye mke wa kwanza, umebatizwa, unakaa benchi la mbele na kuwaongoza akina mama kuimba. Mimi wa pili, sibatiziki, nakaa nje chini ya dirisha na wanawake wa namna yangu na watoto wanaosumbua. Kila mahali walipotupeleka palikuwa na kiti kimoja, dada. Walitaka tukigombanie. Na mwaka ule wa kwanza tulikigombania kweli, mpaka siku moja ukaniangalia nikipeta wimbi, ukasema kwa Kiswahili, "Bi Mdogo, hawa watu wanatuchezea." Nikacheka hadi nikamwaga wimbi.

Siku ya kuoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana ndiyo iliyokuwa ikiniuma kuliko zote. Akina mama wanaingia darasani kando ya kanisa wawili wawili na beseni na taulo, kila mmoja anainama na kumwosha mwenzake, wanalia, wanakumbatiana. Mimi natazama kupitia dirishani. Halafu siku ile ukatoka, viatu mkononi, ukaja kukaa na mimi kwenye nyasi. Mke wa mzee wa kanisa akakufuata, akakuita urudi ndani. Ukamwambia, "Mnataka nimwoshe mtu aliyekuja na viatu. Huyu ndiye niliyetembea naye pekupeku." Hukuniosha, maana hukupenda kufanyia mchezo kitu kitakatifu. Ulikaa tu. Na tangu siku hiyo, kila walipooshana, wewe ulikaa nje.

Walikuondoa kwenye kuimbisha. Ulisema hujali. Ulijali sana. Nilikuwa nakusikia katikati ya shamba la chai ukiimba peke yako kwa sauti yote, unasimama pale ambapo wengine wangeitikia, halafu unaendelea. Sikuwahi kukuitikia kwa sababu sauti yangu ni ya chura. Leo ningeitikia hata kama ndege wote wangehama.

Sasa sikia. Matanga yalipokwisha, mzee wa kanisa alikuja. Akanywa uji, akaomba vizuri, akasema, "Mama Ombati, Mungu ana njia zake. Sasa wewe ni mke mmoja wa mume mmoja. Kizuizi kimeondoka. Tutakubatiza." Alisema kwa wema. Hana ubaya yule mzee. Nje niliona kaburi lako, udongo ukiwa bado haujashuka. Kizuizi.

Jioni hiyo hiyo mama mkwe naye akaniambia nihamie nyumba yako kubwa. Mwanamke asiye na mwana wa kiume, alisema, nyumba ya nini tena. Hawa wawili hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi, lakini juu yako wamekubaliana. Ili mimi nipande, wewe ufutwe.

Na mimi nilitaka, Kerubo. Usinifanye mtakatifu. Yale maji ya ubatizo nimeyatamani miaka yote, nimeyaota. Jumamosi iliyofuata nilikaa ndani kwa mara ya kwanza, benchi la tatu, na nikajikuta nimenyoosha shingo. Nje watoto wakaanza kelele, nikawaona wenzangu dirishani, nikawaza, mbona hawa hawawanyamazishi watoto wao. Hawa. Watu niliokaa nao nyasini juzi. Sikujua kwamba mtu anageuka haraka hivyo. Niliogopa, nikatamani uwe karibu unifinye.

Juzi tulisimamishwa mbele, sisi tunaojiandaa kwa maji. Mzee akawa anamtaja kila mmoja kwa kanisa. Aliponifikia akasema, "Mama Ombati, mke wa pekee wa ndugu yetu."

Nikasema, "Wa pili."

Akainama karibu yangu, akasema polepole, kama anavyosemeshwa mgonjwa, "Mama, wa kwanza amelala."

Nikamwambia, "Najua. Mimi ndiye niliyemwosha, kichwa mpaka miguu. Lakini hakuwa kizuizi. Alikuwa mke mwenzangu. Niandikeni hivyo, wa pili, kisha mnibatize."

Mke wa fundi cherehani akatazama chini. Mzee akasema itabidi jambo hilo lipelekwe kwa mchungaji, na mchungaji unajua anavyochelewa. Nikawaaga kwa heshima, nikatoka nje kukaa. Wale wenzangu wakasogea wakanipisha.

Chinsaga sasa hailetwi.

Nyumba yako sihamii. Nitaifagia, moto nitauwasha mimi mwenyewe, ili Nyaboke akimleta huyo mtoto mwenye hasira aingie kwa nyanya yake na asije kama mgeni. Moraa nitamshika mkono siku atakayokuwa tayari. Mama mkwe anung'unike anavyotaka, nitamjibu kwa Kiswahili.

Nimekukumbuka mpaka nimechoka. Pumzika, Bi Mkubwa, usiwe na wasiwasi nasi. Maji bado nayataka, na nitayangoja, hata nizeeke. Lakini nitayangoja nikiwa wa pili.

Mimi mdogo wako,
Mama Ombati