Nguzo za Chumba cha Hadubini

Mwanangu kipenzi,

Mimi mzima, ila roho haijatulia. Lile jengo la chuo la utafiti wa magonjwa ulilolichora limefika ghorofa ya pili, nami bado nawauzia mafundi chai. Uliniambia nguzo zimekaribiana ili hadubini zisitikisike. Jana msimamizi akacheka: "Kwani hadubini zinacheza ngoma? Rukeni nguzo mbili. Huyo binti mchoraji yuko mbali, atajuaje?"

Nikauliza kulikoni. Akasema, "Mama, wewe koroga chai." Hajui nimekuzaa mimi.

Leo wamepaziba pale waliporuka nguzo kwa maturubai, na hakuna fundi anayenitazama usoni. Kukiharibika, jina litakalotajwa ni lako. Usimpigie msimamizi simu, atakulainisha kwa maneno. Njoo kimyakimya, mwanangu, kabla hawajamwaga zege la juu.

Mama yako, nakungoja getini.