Mama, Nimekuta Uso Wako Regensburg

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia huku, lakini ulimi wangu haujui kuanza na wewe kwa neno jingine.

Nakuandikia kutoka jikoni kwangu, Saint Paul. Theluji imepanda mpaka usawa wa dirisha, na Tumaini, mjukuu wako, yuko shuleni. Ningependa nikupe habari tamu tu, kwamba msichana amerefuka, kwamba anakuelewa kila neno kwenye zile sauti zako nilizozihifadhi kwenye simu, ingawa akijibu anajibu Kiingereza. Lakini leo nina kinyaa, mama. Kinyaa cha kooni, kama mtu aliyemeza unywele ukakwama. Nilitoka nacho Ujerumani baada ya Noeli na mpaka sasa hakijashuka.

Unazikumbuka zile kadi. Kila Desemba ilikuja moja kutoka Regensburg: kanisa la minara miwili, daraja la mawe, mapaa meupe. Ulizibandika sebuleni juu ya redio, na mgeni akiingia hukumwacha akae kabla hajaziangalia. “Huko ndiko kwao Mama Mathiasi,” ulisema. “Ameahidi atanipeleka nikaone Noeli ya kwao.” Ulinunua na sweta mnadani, zito, la rangi ya damu ya mzee, ukalitia sandukuni na dawa ya nondo. Nikikutania kwamba Songea hakuna baridi ya sweta hilo, ulinijibu, “Safari haipigi hodi.” Tulipokuzika lilikuwa bado sandukuni. Hukulivaa hata siku moja.

Kwa nini hawakukuita ukiwa hai, sikujiuliza. Ulikuwa umewapikia miaka yote waliyokaa misheni, Bwana Konradi akifundisha useremala na mkewe Helga, ambaye sote tulimwita Mama Mathiasi, akiendesha shule ya kushona. Mtoto wao Mathiasi ulimlea mgongoni. Mgongo huo tuligawana, mimi na yeye, na mara nyingi zamu yake ilikuwa ndefu kuliko yangu. Waliporudi kwao wakaendelea kunilipia shule mpaka kidato cha sita, na kutoka hapo nikapata nafasi ya chuo huku Minnesota. Haya ulinikumbusha kila tulipoongea. “Usiwasahau,” ulisema. Sikuwasahau.

Kwa hiyo Mama Mathiasi aliponipigia simu, sauti yake ya kizee ikisema, “Njooni mle Noeli na sisi. Mama yako Skola alikuwa ndugu yetu,” nililia. Bwana Konradi alikwishafariki, akasema, na yeye mwenyewe hana siku nyingi. Niliomba likizo kwenye maabara ya kliniki ninakofanya kazi kule Bloomington. Tumaini alinuna, rafiki zake wote walikuwa wanabaki. Nikamwambia, “Tunakwenda kumwonea Bibi Noeli aliyoahidiwa. Macho yetu ndiyo macho yake.”

Siku ya kwanza nilikuonea kweli, mama. Sitasema uongo, mji ni mzuri. Nilisimama juu ya lile daraja la kwenye kadi, Mto Danubi unapita chini, wa kijivu na mwenye hasira, nikakueleza moyoni kila nilichokiona: malango waliyoyajenga Warumi, vichochoro ambavyo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega, taa zilizotundikwa kama shanga kutoka dirisha hadi dirisha. Hata sokoni sikukasirika upesi. Soko lao la Noeli limejaa vibanda vya mbao, soseji, biskuti za tangawizi, divai ya moto yenye karafuu. Mafuta ya soseji ya mtu nisiyemjua yalinimwagikia kwenye koti. Kijana mmoja alitapika kwenye ukuta wa kanisa, na wenzake wakayaruka matapishi yake huku wakiimba wimbo wa Mtoto Mtakatifu, vikombe juu. Nikageuza uso. Nikasema, mji ni mji, walevi wako hata Songea.

Mathiasi alikuja kutuchukua kwa miguu. Mama, ungemwona! Amekuwa libaba, upara mbele, mvi pembeni, lakini alipofungua mdomo kikatoka Kiswahili chetu chenye lafudhi ya Kingoni, kama vile jana tu alikuwa anachunga mbuzi na watoto wa katekista.

“Dada! Dada yangu wa mgongo mmoja!” akapaza sauti katikati ya soko.

Nilimlilia begani. Njiani akamwimbia Tumaini wimbo uliokuwa ukitubembelezea, neno kwa neno, bila kukosea. Tumaini akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tupande ndege. Nikasema moyoni, mama, mbegu yako hii, imeota mbali.

Nyumba yao iko juu ya ngazi kuukuu zinazolia kila hatua. Mama Mathiasi alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, amesinyaa, mikono imejaa mishipa. Nilimpigia magoti kama ulivyonifundisha kumsalimu mzee. Akanishika mashavu. “Una macho ya Skola,” akasema. Tukanywa kahawa, tukala keki iliyonyunyiziwa sukari nyeupe. Mti wa Noeli ulikuwa pembeni, na chini yake pango: Yosefu, Maria, Mtoto, ng'ombe, wachungaji, vyote vimechongwa na Bwana Konradi kwa mkono wake. Kazi safi. Nilisogea nione vizuri.

Kando ya pango kulikuwa na kijisanduku cha mbao chenye tundu la kutumbukizia sarafu. Juu yake palikuwa na sanamu ya mwanamke mweusi amepiga magoti. Hakupakwa weusi wa mtu, mama, alipakwa weusi wa lami. Midomo myekundu, mikubwa kama amevimba. Mikono imekunjwa kifuani kama anayeomba asamehewe. Amefungwa kitenge na kilemba vya rangi. Na juu ya nyusi ya kushoto, kwa ncha ya patasi, palichongwa kovu.

Kovu lako. Lile ulilolipata mlango wa jiko lao ulipokugonga.

Nadhani niliona na kutokuona kwa wakati mmoja. Mathiasi akaja nyuma yangu anacheka, akamshika Tumaini bega. “Tazama, mjomba akuonyeshe kitu!” Akatoa sarafu mfukoni, akaitumbukiza.

Sanamu ikainamisha kichwa. Ikainua, ikainamisha. Ikainua, ikainamisha.

“Unaona?” akasema Mathiasi. “Bibi anasema asante.”

Mtoto uliyemlea mgongoni, mama. Uliyemtafunia nyama alipokuwa hana meno.

“Baba Mathiasi alimchonga mwaka ule tuliporudi,” Mama Mathiasi akasema kutoka kitini, ametabasamu. “Kila Noeli tulimpeleka kanisani, tukamweka penye pango. Watu walimpenda sana! Watoto walipanga foleni kumwona anavyoshukuru. Sasa kanisani hawataki tena, mambo yamebadilika, watu wamekuwa wakali. Kwa hiyo anakaa nyumbani na sisi.” Kisha akaninyooshea kidole, kwa upendo, naapa kilikuwa kidole cha upendo. “Kichwa hicho ndicho kilichokusomesha, binti yangu. Sarafu zote zilikuwa zako.”

Nikageuka kumtazama.

“Mama alijua?” nikauliza.

“Alijua! Tulimwonyesha tulipokuja kutembea. Alicheka sana. Mathiasi, mpe picha.”

Picha ilikuwepo, imewekwa kwenye fremu. Uko kwenye kibaraza chetu, umeshikishwa sanamu, na mkono wako wa kulia umefunika mdomo. Wao wanaona mtu anacheka. Mimi nakujua. Ulifunika mdomo hivyo siku mwenyekiti alipokuita mjane asiye na mwenyewe mbele ya mkutano. Ulifunika mdomo hivyo duka lilipokunyima unga wa mkopo na mwenye duka akafanya mzaha. Kilichokuwa nyuma ya kiganja hicho hakikuwa kicheko hata siku moja. Na hukuniambia, mama. Mwaka ule mimi nilikuwa kidato cha tatu.

Kichwa kilikuwa bado kinacheza, polepole sasa. Tumaini akanong'ona, “Mom, make it stop.” Sikusogea. Yeye akasogea. Akaweka kidole kimoja juu ya kilemba cha sanamu, akakibonyeza taratibu mpaka kikatulia, na hakukiondoa.

“Naomba nimchukue,” nikasema.

Mama Mathiasi hakuelewa. Alidhani nimependa. “Hapana, binti yangu, huyo ni kumbukumbu yetu ya Baba Mathiasi. Nitakupa kondoo mmoja wa pangoni, au mchungaji.”

“Sanduku ni lenu,” nikamwambia. “Baki nalo, na sarafu zilizomo. Lakini uso huu si wenu. Mathiasi, mfungue.”

Hapo chumba kikabadilika. Mama Mathiasi alipenda methali zetu tangu zamani, unakumbuka alivyoziandika akizikariri. Akachagua moja. “Shukrani ya punda ni mateke,” akasema, kwa matamshi safi kabisa.

“Ndiyo, Mama Mathiasi,” nikajibu. “Maana mlichokuwa mnafuga ni punda.”

Sijawahi kumjibu mzee hivyo. Moyo wangu haujanisuta mpaka leo. Mathiasi alisimama katikati yetu, uso umemwiva. Kisha akachukua kisu cha keki, akageuza sanduku chini juu, akafungua skrubu moja baada ya nyingine. Mama yake akatazama dirishani mpaka alipomaliza. Nilimviringisha yule mwanamke kwenye skafu yangu, tukavaa makoti. Chakula cha Noeli kilikuwa kinanukia jikoni.

Mathiasi alitufuata ngazini. “Dada, sikuwahi kumwona hivyo. Nilikuwa mtoto.”

“Ulipotumbukiza sarafu leo ulikuwa na mvi, Mathiasi.”

Akakaa chini palepale ngazini, akajifunika uso. Siku nyingine ningekaa naye. Siku ile nilizuia pumzi nisinuse kahawa na sukari yake, nikampita. Tulikula mkate mkavu hotelini, mimi na Tumaini, wakati kengele za mji mzima zinalia kumkaribisha Masiha.

Ameniandikia ujumbe tangu hapo, anaomba nimpigie. Sijampigia. Wewe ungempigia siku hiyohiyo, najua.

Niliporudi nilimsimulia Mama Bahati, Mkongo wa Uvira tunayesali naye Brooklyn Center, mtu ninayempenda. Nilitaka akasirike pamoja nami. Akasikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono kwenye kitambaa. “Dada, ile ni mbao tu. Wazungu wale walikulipia masomo, leo una kazi nzuri, una nyumba. Wengine wetu tulipewa nini? Sema merci, sema asante, uiache ipite.” Mama, nilimwona anatikisa kichwa chini na juu anaposema merci, bila kujua, na ikanibidi nitoke nje nipigwe na baridi. Siwezi hata kumchukia. Yeye ametoka kambini na watoto watano. Lakini kile kichwa sasa nakiona kila mahali: kwa msimamizi wangu kazini anaposifu Kiingereza changu na mimi naitikia, kwenye kioo ninapopiga mswaki.

Nikajaribu kukurekebisha kwenye sanamu ile. Nilinunua gundi ya seremala, nikainyanyua shingo, nikaifunga kwa kitambaa hadi ikakauka. Ikasimama. Nikaufuta ule wekundu wa mdomo kwa msasa. Kwa siku kadhaa nilijidanganya kwamba sasa ni wewe. Lakini magoti, mama. Magoti yamechongwa kwenye gogo lilelile la kikalio, huwezi kuyaondoa bila kukukata miguu. Wewe uliyenifundisha kwamba goti ni salamu, linapigwa kwa babu, kwa shangazi, kwa Mungu, kisha mtu anainuka. Ulisema asiyekuruhusu kuinuka hakuamkiwa, ameabudiwa. Yule mwanamke wao hakuchongewa kuinuka.

Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, Tumaini na mimi tulipiga koleo theluji nyuma ya nyumba mpaka tukafika kwenye shimo la moto tunalochomea nyama wakati wa kiangazi. Kuni ziliwaka kwa shida. Tumaini aliuliza kwa Kiingereza chake kama hii si dharau kwa Bibi.

“Huyu si Bibi yako,” nikamwambia. “Bibi yako alikuwa mrefu.”

Akanipokonya sanamu taratibu, akaiweka motoni yeye mwenyewe. Rangi ilitoa mapovu, ikanuka vibaya, harufu ya plastiki na nywele, tukaziba pua. Kilemba kikaenda, uso ukaenda, ile mikono ya kuomba ikaenda. Sikusikia amani, mama, nisikudanganye. Nilisikia kinyaa kikipungua kidogo, kama homa inavyopungua usiku bado ukiwa mrefu. Tulisimama hadi vidole vya miguu vikafa ganzi, kwa sababu magoti ndiyo yaliyochelewa kushika moto, na hatukutaka kuondoka kabla hayajaisha.

Lala salama, mama. Kaburi lako nitalijia mvua zikikatika.

Ni mimi, mtoto wako wa zamu fupi mgongoni.