Herufi za Ustadh Zimo Ndani ya Kompyuta Iliyokufa

Dada Shagufta mpendwa, nisaidie kabla sijaumbuka. Mimi nachapa kadi za harusi hapa Lahore, na programu yetu ya kupangia maandishi ni kuukuu, haikubali kompyuta za kisasa, basi nikaiundia kompyuta pepe, yaani kompyuta ya zamani inayoishi ndani ya mpya, na humo nikahifadhi herufi zote alizoandika kwa kalamu ya mwanzi baba mkwe wangu, Ustadh Inayatullah, ambaye sasa mkono unamtetemeka hawezi tena kuandika, na karatasi zenyewe, kwa kuwa zina jina la Mungu, nilipomaliza kuziskani nikazipeleka kwa heshima kwenye kisanduku cha msikitini, zikaenda kuzikwa, na Jumanne kompyuta ikazimika haiwaki tena, na nakala ya akiba nilikuwa nayo, Dada, naapa, ila niliiweka humo humo kwenye kompyuta pepe nikidhani hiyo ni kompyuta nyingine, na fundi anasema tufute diski tuanze upya, na mzee kila asubuhi ananiuliza, "Mwanangu, herufi zangu hazijambo?" nami namjibu, "Hazijambo, Abba, zinakusalimu." Nifanye nini?

Tanzeel

Hongera, Tanzeel. Karatasi umezizika kwa heshima, kisha ufunguo wa akiba ukaufungia ndani ya nyumba ileile. Na herufi zinazotuma salamu! Hicho ni kipaji. Pole lakini, najua usingizi huna.

Sasa sikiliza. Huyo fundi asiiguse diski. Mnywesheni chai aende zake. Kompyuta kufa si lazima diski ife. Tafuta fundi mwingine aichomoe, aiunganishe na kompyuta nzima, na asiandike chochote juu yake. Humo mtafute faili moja kubwa kupindukia: hilo ndilo kompyuta yako pepe, na herufi za mzee zimo tumboni mwake. Linakilini kwenye diski mpya, kisha mfungue ile nakala, si faili lenyewe, maana tabia yako ya kuzika vitu halisi ukabaki na nakala nimeshaijua. Nakala ikikataa kuwaka, kuna programu za kuifungua kama sanduku na kutoa vilivyomo. Halafu weka nakala tatu, nyumba tatu tofauti.

Huenda ikashindikana. Kwa hiyo leo, kabla ya fundi, nenda kwa mzee umwambie ukweli. Atakutukana, mwache atukane, ana haki. Akimaliza, mpe kalamu na wino akuandikie alifu moja. Itatetemeka. Hiyo usiizike. Itundike dukani, uitazame kila ulimi unapokuwasha kusema "hazijambo".