Diski Niliyoiacha Nje ya Orodha

Jumamosi, Isiolo. Upepo ulivuma tangu alfajiri, vumbi likaingia mpaka kwenye sukari. Sasa umetulia. Nami nimetulia kidogo, ndiyo maana naandika.

Leo nimekiri jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata dada yangu Hawa ninayeishi naye nyumba moja.

Nilistaafu mwaka jana. Kwa miaka mingi nilitunza kompyuta kuu ya mfuko mmoja wa pensheni kule Nairobi, mashine yenye ukubwa wa kabati mbili, na ndani yake seva za mfumo wa Linux zinazowalipa wazee. Niliondoka kabla ya wakati wangu, tena si kwa kupenda. Mutuma, kijana aliyechukua kiti changu, alisema kwenye mkutano nikiwa nimekaa palepale kwamba mambo yote ya mashine yako kichwani mwa Mama Zeinabu, na hicho kichwa hakina bakap, nakala ya akiba. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka.

Iliniuma.

Kabla ya kuondoka niliandika maelezo ya kukabidhi kazi, kurasa arobaini. Kila diski niliieleza: anwani yake, inabeba nini, nani anaitumia. Isipokuwa moja. Ni diski ndogo ya zamani inayowashwa na programu ya malipo yenyewe, mwisho wa mwezi tu, siku ya malipo ya wajane na yatima. Ndiyo yenye majina yao. Siku nyingine zote imezimwa, na anayetazama orodha ya diski zinazofanya kazi haioni. Bakap nayo hunakili zile zilizowashwa tu. Nilipofika kwenye ukurasa wake niliweka kalamu chini. Si wao ni wajuaji, nikajiambia, basi watajua na hili.

Jana jioni Njoki, tuliyekuwa naye ofisini, alinipigia kunisalimia. Katikati ya stori akasema, "Kesho tunahamia storage mpya, diski kubwa kubwa. Zile ndogo zako zote zinafutwa saa nane, mashine ya zamani ya diski irudishwe kwa waliotukodisha."

Nilimtakia kazi njema.

Diski ile sikuitaja.

Asubuhi Hawa alinikuta nimeshika kikombe, chai imepoa. Akauliza nina nini, nikamweleza. Hawa ameuza maziwa ya ngamia sokoni maisha yake yote. Linux haijui wala hana haja nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao wajane ndio walikucheka?"

"Hapana."

"Basi piga simu."

Saa nne nikapiga. Mutuma alishika upesi, akashangaa kunisikia. Nikamuuliza amefika wapi.

"Diski mpya tumeongeza, data inahama polepole. Iko nusu na zaidi. Hakuna shida, Mama."

"Kuna moja hujaiona. Toa orodha nzima, hata zile zilizozimwa. Tafuta yenye anwani inayoishia na mbili saba."

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, halafu vikaacha.

"Iko," akasema. "Nimeiweka kwenye za kufutwa. Nilidhani ni tupu."

"Ina majina ya wajane na yatima wote. Na haiko kwenye bakap."

Kisha akauliza nililojua angeuliza. "Mbona haiko kwenye maelezo?"

Ningeweza kusema nilisahau. Umri wangu ungenitetea, naye angeamini. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni.

"Sikuiandika makusudi," nikamwambia. "Ulinicheka mbele ya watu. Nikataka siku moja ukwame. Nilikosea."

Akasema tu, "Usikate simu," kwa sauti ya kazi.

Sikukata. Diski hiyo haimo kwenye kundi la zile nyingine, kwa hivyo haiwezi kuhama pamoja nazo. Lazima inakiliwe peke yake, kisha programu ya malipo ionyeshwe anwani mpya. Tuliiwasha, tukafanya nakala ya tahadhari kwanza, ndipo tukaipeleka kwenye diski kubwa. Mara mbili Mutuma alitaka kuruka hatua, nikamzuia. Mara moja alinizuia yeye, na alikuwa sawa: nilikuwa nimemsomea anwani ya zamani mahali pa mpya. Kijana ni mwangalifu kuliko nilivyotaka kuamini.

Adhana ya adhuhuri ililia tukilinganisha majina ya pande zote mbili.

"Zimelingana," akasema.

Nilidhani ataaga. Hakuaga. "Mama Zeinabu, kuna kingine hukuandika?"

Nilitazama ukuta.

"Viko," nikasema. "Viwili."

Sikusikia hasira. Nilimsikia akivuta kiti karibu na meza. "Sema, naandika."

Nilimpa vyote viwili. Vilikuwa vidogo, havingemuumiza mtu, lakini nilivificha kwa mkono uleule. Alipomaliza kuandika alianza, "Ile siku ya mkutano, Mama, mimi pia nili..." Mtu akamwita kutoka chumba cha mashine, naye Mutuma akasema lazima aende, na simu ikakatika.

Saa tisa Njoki alinitumia ujumbe: kazi imeisha, za zamani zimefutwa, kila kitu kinasoma sawa. Niliusoma mara mbili nikiwa nimesimama mlangoni.

Nilipomwambia Hawa yameisha, aliuliza kama kijana ameomba msamaha. Nikamwambia alifika nusu.

"Na wewe?"

Nimekaa na swali hilo tangu alasiri. Nilisema nilikosea, ndiyo. Kuomba msamaha, sikuomba. Jumatatu nitampigia, si kwa habari ya diski yoyote.

Nitaanza mimi.